Mieleka Bila Masihara: UWF ya Japani, 1984–1990

Kampuni iliyokuja kupendwa kwa sababu ya ukweli ilianza na bango la uongo. Mapema mwaka 1984 mashabiki wa mieleka Japani waliona tangazo la kampuni mpya, Universal Wrestling Federation, UWF kwa kifupi, likiwa limepambwa kwa picha za nyota ambao hawakuwa wamesaini nayo mkataba wowote. Mmoja wao alikuwa Antonio Inoki, bwana mkubwa wa New Japan Pro-Wrestling, kampuni iliyoonekana kila wiki kwenye televisheni nchi nzima. Mwenye bango alikuwa Hisashi Shinma, msaidizi wa karibu wa Inoki kwa miaka mingi. Katikati ya mwaka 1983 watu wa ndani ya New Japan walikuwa wameasi, wakitaka kujua fedha zinakwenda wapi, maana nyingi zilikuwa zikizama katika biashara ya Inoki huko Brazil. Inoki alivuka salama. Shinma ndiye aliyetolewa kafara. UWF ilikuwa njia yake ya kurudi mjini, na hesabu zake zote zilisimama juu ya jambo moja: kwamba Inoki angemfuata.

Inoki hakumfuata. Onyesho la kwanza, tarehe 11 Aprili 1984 katika ukumbi wa Omiya Skate Center mkoani Saitama, lilibebwa na kijana wa miaka 25 aliyeitwa Akira Maeda, akisaidiwa na wakongwe kama Rusher Kimura na Gran Hamada. Watazamaji walilipa kiingilio, wakakaa, kisha wakaanza kuita majina ya watu wasiokuwepo. Mkataba wa televisheni uliotarajiwa haukutokea. Hakuna dalili usiku ule iliyoonyesha kwamba miaka 40 baadaye mtu angeona haja ya kuandika habari za kampuni hii. Nayo haikuishi sana: ukijumlisha uhai wake wa kwanza na wa pili, haifiki hata miaka mitano.

Maeda alizaliwa Osaka mwaka 1959 katika familia yenye asili ya Korea. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wengi, sentimita 192, na aliingia mieleka akitokea kwenye karate. New Japan ilimpeleka Uingereza kujifunza kazi, akaonekana kwenye televisheni ya huko kwa jina la Kwik Kick Lee, eti ndugu yake Sammy Lee. Huyo Sammy Lee naye alikuwa Mjapani mwingine, Satoru Sayama, na hawakuwa ndugu hata kidogo. Mieleka ya kulipwa imejengwa juu ya undugu wa namna hiyo, na ndiyo sababu kilichofuata kiliwashtua watu.

Miezi michache baada ya Omiya, Shinma aliondoka na kampuni ikabaki mikononi mwa wanamieleka wenyewe. Yoshiaki Fujiwara na Nobuhiko Takada wakaja kutoka New Japan. Julai akaja Sayama pamoja na mwanafunzi wake Kazuo Yamazaki. Ujio wa Sayama ulikuwa habari ya ukurasa wa mbele. Huyu ndiye aliyevaa kinyago cha Tiger Mask kuanzia Aprili 1981, akiruka na kuzunguka hewani hadi watoto wa Japani wakaacha kulala, kisha Agosti 1983 akaamka asubuhi moja na kuacha kazi. Alipojitokeza tena hakutaka kuruka. Alitaka kupiga mateke na kuvunja viungo.

Wengi wa hawa walikuwa wamepitia mikono ya mwalimu mmoja. Karl Gotch alizaliwa Antwerp mwaka 1924 na aliiwakilisha Ubelgiji katika mieleka kwenye Olimpiki ya London ya 1948. Baadaye akaenda Wigan, mji wa wachimba makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, kwenye gym ya Billy Riley, ambako mieleka haikuishia kumlaza mtu chali. Pale ulifundishwa kukamata kifundo cha mguu, goti, kiwiko au bega na kukigeuza upande ambao Mungu hakukusudia, mpaka mwenyewe aombe basi. Marekani Gotch hakupendwa. Promota hakutaka mtu mkali asiyejua kuchekesha umati. Japani walimwita mungu wa mieleka, na alikuwapo New Japan tangu kampuni hiyo ilipozinduliwa mwaka 1972.

Hapo ndipo penye mbegu ya UWF. Katika bweni na ukumbi wa mazoezi wa New Japan pale Noge, Tokyo, na hata kwenye viwanja vya mikoani kabla milango haijafunguliwa, vijana walikuwa wakibanana sakafuni kwa kweli. Hakukuwa na makubaliano. Aliyejua zaidi alimkamua asiyejua hadi machozi. Fujiwara, aliyezaliwa 1949, alikuwa mfalme wa saa hizo. Kisha jioni ilifika, taa zikawaka, na mtu huyohuyo alipanda ulingoni kupigwa na mgeni kutoka Marekani ambaye angeweza kumfunga kama mzigo wa kuni ndani ya dakika mbili. Alasiri ilikuwa na ukweli, jioni ilikuwa na mshahara. Kina Maeda waliona kwamba kama ile alasiri ina thamani, basi iuzwe jioni.

Kuna kitu kingine kilichowatangulia. Tarehe 26 Juni 1976 Inoki alipambana na Muhammad Ali katika ukumbi wa Nippon Budokan, chini ya miaka miwili baada ya Ali kumwangusha George Foreman kule Kinshasa. Inoki alitumia sehemu kubwa ya raundi 15 akiwa amelala chali, akiirushia mateke miguu ya Ali. Ilikuwa sare, na watu waliokaa mbele ya televisheni walikasirika. Lakini wazo lilibaki limeelea: kwamba mwanamieleka anaweza, na pengine anapaswa, kusimama mbele ya bondia, mwanajudo au mpiga karate na kujibu swali la nani mkali. Inoki aliliacha swali lile likamfaa kibiashara. Wanafunzi wake walilichukua kama deni.

Basi UWF ikaanza kufuta. Anayetazama mieleka ya Marekani kwenye televisheni zetu anajua kwamba mtu akisukumwa kwenye kamba hurudi mbio akafuate kipigo chake. UWF, ukimsukuma mtu kwenye kamba, alisimama palepale akakutazama. Kuruka kutoka juu ya nguzo kukafutwa. Kupigana nje ya ulingo kukafutwa. Viti na damu ya makusudi vikafutwa pia. Baadaye ikafutwa hata ile hesabu ya tatu baada ya kulazwa chali. Zikabaki njia mbili za kushinda: mwenzako asalimu amri, au ashindwe kusimama refa anapohesabu hadi kumi.

Jambo lililobadilisha kila kitu, kwa maoni yangu, ni bei iliyowekwa kwenye kamba. Kwenye mieleka ya kawaida aliyekabwa akishika kamba, refa huamuru aachiwe, na hakuna anayepoteza kitu. UWF, hasa katika uhai wake wa pili, ilitoza. Kushika kamba mara tatu kulihesabiwa sawa na kuangushwa mara moja, na kuangushwa mara tano kulimaanisha umepigwa. Ghafla mtu aliyeko chini akiwa amekunjwa mkono alikuwa na uamuzi wa kufanya: avumilie na kutafuta upenyo, au alipe apumue. Mtazamaji aliyekaa mbali naye alikuwa akipiga hesabu hiyohiyo. Mkono wa mtu ukitambaa kuelekea kamba, ukumbi mzima uliinuka, ingawa kwa jicho la mgeni watu wawili walikuwa wamelala tu.

Mfano mzuri wa mwanzo ni mapambano ya Sayama na Fujiwara kwenye ukumbi wa Korakuen, ghorofa ya tano ya jengo moja katikati ya Tokyo, unaoingiza watu wapatao 2,000. Sayama, sasa akiitwa Super Tiger, alipiga mateke ya mapaja na kifua kwa mlio uliosikika hadi viti vya nyuma. Fujiwara alikuwa na kichwa kigumu kupita kiasi; alijulikana kwa kujigonga kwenye nguzo ya chuma bila kuonyesha maumivu. Alipokea teke, akapokea la pili, na la tatu akaukumbatia mguu wenyewe na kwenda nao chini. Kutoka hapo Sayama alikuwa mgeni nyumbani kwa mtu. Mieleka yenye watu wawili wanaotaka vitu tofauti, mmoja asimame na mwingine alale, haihitaji hadithi nyingine.

Sayama hakuridhika. Yeye ndiye aliyeandika kanuni nyingi za 1985, na alikuwa akitazama mbali kuliko wenzake: alitaka mchezo mpya kabisa usio na kupanga matokeo. Maeda na wengine walitaka mieleka, ila iwe kali. Tena walikuwa na familia za kulisha, na Sayama alipendelea maonyesho machache. Tarehe 2 Septemba 1985, kule Takaishi mkoani Osaka, chuki iliyokuwa imekusanyika ilipanda nao ulingoni. Maeda alianza kumchapa Sayama kwa nguvu isiyokuwa kwenye mazungumzo yao. Sayama alijikinga, akajibu kidogo, akamkwepa. Karibu na dakika ya 19 Sayama alilalamika kwamba amepigwa teke la sehemu za siri, na refa akamtoa Maeda mchezoni. Ni pambano baya kulitazama. Ajabu ni kwamba kampuni iliyoahidi mapambano ya kweli ilipopata moja lililoponyoka kweli, haikujua la kulifanya.

Tena wakati huo fedha zilikuwa zimekwisha. Mdhamini aliyekuwa amepatikana alihusishwa na kundi la Toyota Shoji, kampuni ya ulaghai iliyowauzia wazee dhahabu ya kwenye karatasi. Mkuu wake, Kazuo Nagano, aliuawa kwa kuchomwa visu Osaka Juni 1985 huku waandishi wa habari wakiwa wamejaa mlangoni kwake. UWF ilifanya onyesho la mwisho Korakuen tarehe 11 Septemba 1985. Sayama akaondoka kwenye mieleka. Mwaka uleule alichapisha kitabu, *Kēfei*, kilichofichua namna mieleka inavyopangwa, na akaujenga mchezo wake, Shooto, ambao unaendelea mpaka leo.

Waliobaki walirudi New Japan, Januari 1986, kama kikosi cha wavamizi. Biashara ikanoga. Watu waliotoka nje wakiwa na mateke yao ya kweli na dharau yao kwa kamba walikuwa maadui wazuri kuliko wageni wa kukodi. Tarehe 12 Juni 1986 mjini Osaka, Maeda na Tatsumi Fujinami walifanya pambano ambalo wengi bado wanaliweka juu kabisa katika muongo ule. Teke la kuzunguka la Maeda lilimpasua Fujinami usoni, na wote wawili hatimaye walishindwa kusimama. Oktoba Maeda akampiga Don Nakaya Nielsen, mpigana ngumi na mateke kutoka Marekani, na kuanzia hapo magazeti yakaanza kumtaja Maeda pale yalipokuwa yakimtaja Inoki.

Lakini kulikuwa na jioni nyingine, tarehe 29 Aprili 1986 kule Tsu, mkoani Mie. Maeda alipangiwa Andre the Giant, jitu la Ufaransa, na Andre hakutaka kushirikiana. Alisimama kama mnara, akamwelemea Maeda, akakataa kuanguka. Maeda aliyumba kwa muda bila kujua afanye nini, kisha akaanza kuipiga mateke miguu ya Andre, mmoja baada ya mwingine, hadi jitu likalala chali likatazama dari. Inoki alipanda ulingoni na pambano likavunjwa bila matokeo. Televisheni haikulionyesha kamwe. Nani alimtuma Andre, au kama alitumwa, ni mjadala ambao mashabiki wa Japani wanaufurahia hadi leo kuliko wangefurahia jibu.

Mwisho wa ndoa hii ulikuwa Korakuen, tarehe 19 Novemba 1987. Riki Choshu, nyota wa New Japan, alikuwa amemfunga miguu Osamu Kido, mwenzake Maeda, mikono yake yote imeshikwa na kazi, uso uko wazi. Maeda aliingia akampiga teke la uso. Mfupa unaozunguka jicho la Choshu ulivunjika. Inoki, ambaye hakuwa mgeni wa mambo ya pembeni, alisema tendo lile lilikwenda kinyume na njia ya mieleka. Maeda alisimamishwa, akaambiwa aende Mexico kwa muda, akakataa, na Februari 1988 akafukuzwa. Sitamtetea, kumpiga mtu aliyekukabidhi mwili wake kwa kuaminiana ni uhuni. Soko lilikuwa na maoni tofauti. Kwa vijana wengi, Maeda alikuwa mtu aliyefukuzwa kwa sababu alipiga kweli.

Tarehe 12 Mei 1988 UWF ilizaliwa upya palepale Korakuen, na tiketi ziliisha ndani ya dakika 15. Wanamieleka walikuwa sita tu: Maeda, Takada, Yamazaki, Yoji Anjo, Tatsuo Nakano na Shigeo Miyato. Rais wa kampuni alikuwa Shinji Jin, kijana aliyetokea kwenye ofisi ya UWF ya kwanza, na mtindo wake wa biashara ulikuwa mgeni kabisa. Kampuni za mieleka Japani zilikuwa zikizunguka mikoani kama sarakasi, maonyesho zaidi ya 100 kwa mwaka, zikilishwa na televisheni. UWF ilifanya onyesho moja kwa mwezi, bila televisheni, ikaishi kwa viingilio na kanda za video. Sababu iliyotolewa ilikuwa rahisi kueleweka: mtu anayepigwa hivi hawezi kupigwa tena kesho. Uhaba ukawa tangazo. Asiyepata tiketi alisubiri gazeti, na hapa jarida la *Shukan Puroresu*, lililokuwa likitoka kila wiki, lilifanya kazi kubwa. Watu wengi sana waliopenda UWF walikuwa hawajawahi kuiona, waliisoma. Picha ya mguu ukitua kwenye shingo haina mlio wala haina nafasi ya kuonyesha kama teke lilipunguzwa.

Miezi sita tu baada ya uzinduzi, Novemba 1988 mjini Nagoya, Takada alimpiga Maeda. Kampuni ikiwa changa hivyo, kumwangusha mtu ambaye jina lake ndilo linalouza tiketi ni ujasiri, au ni akili nyingi: kila aliyekuwepo alitoka akiamini kwamba pale lolote linaweza kutokea. Januari 1989 walirudiana Budokan na Maeda akalipiza. Katikati ya hapo Takada alimshinda Bob Backlund, aliyewahi kuwa bingwa wa WWF kule Marekani, katika pambano lililowaridhisha hata wale waliokwenda kukosoa. Wageni wengine walitoka Uholanzi, nchi iliyokuwa na wapiganaji wagumu wasiojulikana: Gerard Gordeau, aliyekuja kupigana kwenye UFC ya kwanza kabisa mwaka 1993, na Chris Dolman, gwiji wa judo na sambo, mieleka ya Kirusi. Fujiwara alihamia mwaka 1989, akija na vijana wawili kutoka New Japan, Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki.

Ugumu haukuwa wa maneno. Oktoba 1989 chipukizi Kiyoshi Tamura, akiwa bado anajifunza kazi, alivunjwa mfupa wa jicho kwa magoti ya Maeda na kukaa nje kwa miezi. Hapa ni lazima tuseme wazi kitu ambacho leo si siri kwa mtu: mengi ya mapambano ya UWF yalikuwa na matokeo yaliyokubaliwa kabla. Mateke yalitua kweli, viungo vilikunjwa kweli, lakini aliyeshinda mara nyingi alijulikana kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wapo wanaoliona hilo kuwa utapeli mkubwa kuliko ule wa mieleka ya kawaida, kwa kuwa mieleka ya kawaida haikuapa. Mimi nadhani wanaangalia mahali pasipofaa. Kilichotengenezwa na UWF ni watazamaji. Iliwakusanya maelfu ya watu na kuwafundisha, kwa mwaka mmoja au miwili, kutazama watu wawili walio sakafuni na kujua nani yuko hatarini na kwa nini. Japani ilikuwa na udongo mzuri kwa somo hilo. Judo hufundishwa mashuleni, na wanaume wengi walikuwa wamewahi kukabwa shingo wakiwa wavulana. Lakini hakuna aliyekuwa amewauzia tiketi ya kuona hivyo kabla.

Kilele kilikuwa tarehe 29 Novemba 1989, ndani ya Tokyo Dome, uwanja uliokuwa umefunguliwa mwaka mmoja tu uliotangulia. Onyesho liliitwa U-COSMOS, mdhamini akiwa kampuni ya maduka ya miwani ya Megane Super, na idadi iliyotangazwa ilikuwa watu 60,000. Kampuni isiyo na televisheni, yenye wanamieleka wasiozidi dazeni, ilijaza uwanja mkubwa kama huo. Ratiba ilijaa wageni wa michezo mingine: Maeda na mwanajudo Mholanzi Willie Wilhelm, Takada na Duane Koslowski wa mieleka ya Olimpiki, Anjo na Mthai Changpuek Kiatsongrit, aliyetoka naye sare.

Pambano la kukumbukwa halikuwa la wakubwa. Suzuki, mwenye miaka 21, alipewa Maurice Smith, bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa ngumi na mateke, na huku hakukuwa na makubaliano yoyote. Suzuki alitaka kumfikia Smith amwangushe, Smith hakumruhusu. Kila alipokaribia alipigwa. Uso wake uliposhindwa kuficha hofu, watazamaji walijua wanachokiona, maana walikuwa wamefundishwa. Aliangushwa akashindwa kuamka. Hasira ya usiku ule ilimfanyia Suzuki kazi kwa miaka minne. Novemba 1993 alipata nafasi ya pili, na safari hii alimshika Smith mkono akaukunja hadi akasalimu amri.

Baada ya Dome kampuni ilikuwa na fedha, na fedha zikaleta swali lilelile lililomfukuza Shinma kutoka New Japan mwaka 1983: ziko wapi? Maeda alimshutumu Jin na menejimenti hadharani. Oktoba 1990 wakamsimamisha kwa miezi mitano, yaani walimsimamisha mtu ambaye uso wake ulikuwa kwenye kila tiketi waliyouza. Tarehe 1 Desemba, mjini Matsumoto, onyesho lilifanyika bila yeye kwenye ratiba, lakini mwishoni Funaki aliwaita wenzake wote ulingoni, Maeda akiwemo, wakainua mikono pamoja. Ilionekana kama kampuni mpya imezaliwa tena, safari hii bila Jin. Tarehe 7 Januari 1991 wanamieleka walikutana nyumbani kwa Maeda kupanga safari hiyo. Hawakuelewana. Maeda, aliyetaka wote wamwamini asilimia mia, alitangaza kwamba basi, kila mtu na njia yake. UWF ikaisha sebuleni kwa mtu.

Zikatoka kampuni tatu. Fujiwara aliunda Fujiwara Gumi, akiwa na Funaki na Suzuki, na hao wawili walimkimbia mwaka 1993 wakaanzisha Pancrase, ambako matokeo hayakupangwa. Onyesho lake la kwanza, Septemba mwaka huo, lilikuwa na mapambano matano yaliyochukua takriban dakika 13 yote kwa jumla. Watu walikuwa hawajakaa vizuri, na walikuwa wameshalipa. Maeda alikwenda peke yake na RINGS, akaungwa mkono na kituo cha televisheni cha WOWOW, akaleta Waholanzi, Wageorgia na Warusi. Volk Han, mtu wa sambo kutoka Dagestan, alifunga watu mafundo ambayo hata Fujiwara angehitaji kuyatazama mara mbili. Maeda alistaafu Februari 1999 kwa kupambana na Alexander Karelin, bingwa wa Olimpiki mara tatu, na akapoteza kwa pointi. Mwaka 2000 RINGS ilimwanzisha kijana Mrusi aliyeitwa Fedor Emelianenko.

Takada na waliobaki walianzisha UWF International, na hii ndiyo iliyokula jina hadi mifupa. Ilitangaza kwamba yenyewe ndiyo mieleka iliyo kali kuliko zote; mwaka 1994 ilituma barua za changamoto kwa mabingwa wa kampuni nyingine pamoja na ahadi ya yen milioni 100. Desemba mwaka huo Anjo alisafiri hadi Los Angeles, akaingia kwenye gym ya Rickson Gracie, gwiji wa jiu-jitsu ya Brazil, bila mwaliko, akatoka akiwa na uso usiotambulika. Tarehe 9 Oktoba 1995 kampuni, ikiwa hoi kifedha, ilikubali kupambana na New Japan ndani ya Tokyo Dome mbele ya watu 67,000. Keiji Muto alimshinda Takada kwa kumfunga miguu kwa mtindo wa namba nne, mbinu ya kizamani ambayo watu wa UWF walikuwa wakiicheka kwa miaka kumi. Mwaka mmoja baadaye kampuni ilifungwa.

Tarehe 11 Oktoba 1997, Tokyo Dome tena, Takada alisimama mbele ya Rickson Gracie katika pambano lililojengewa shindano jipya kabisa, Pride. Ilichukua dakika 4 na sekunde 47. Rickson alimkunja mkono kwa mbinu ileile ambayo wanafunzi wa Gotch walikuwa wakiitumia tangu Noge, na Takada akasalimu amri. Nchi nzima ilijua sasa nani alikuwa mkali. Hata hivyo Pride isingekuwa na wateja kama UWF isingekuwa imewalea, na aliyeikomboa familia ya wanamieleka alitoka mulemule: Kazushi Sakuraba, aliyeanza kazi UWF International mwaka 1993 akiwa mtu wa chini kwenye ratiba. Mei 2000 alimchosha Royce Gracie, ndugu yake Rickson, kwa dakika 90 hadi kona ya Royce ikarusha taulo.

Mtindo wenyewe ulibaki na wachache. Yuki Ishikawa, mwanafunzi wa Fujiwara, aliendesha Battlarts kuanzia 1996 hadi 2011, kumbi ndogo, vichwa vikigongana kwa mlio wa kutia kichefuchefu, na malipo ambayo hayakuwahi kulingana na majeraha. Kampuni ya GLEAT, iliyoanzishwa 2020, ilianzisha kitengo kiitwacho LIDET UWF chenye pointi na gharama ya kushika kamba, na mmoja wa wasimamizi wake wa mwanzo alikuwa Kiyoshi Tamura, yule aliyevunjwa mfupa wa jicho. Fujiwara aliugua saratani ya tumbo mwaka 2007, akafanyiwa upasuaji, akarudi ulingoni, na aliendelea kupanda akiwa amepita miaka 70.

Marekani ilichukua muda kuupokea mtindo huu. Huko Josh Barnett, mwanafunzi wa Billy Robinson aliyetoka kwenye gym ileile ya Wigan iliyomlea Gotch, anasimamia maonyesho ya Bloodsport, na Aprili 2019 mjini Jersey City alimwita Minoru Suzuki wapambane. Suzuki alikuwa na miaka 50. Ulingo wa Bloodsport hauna kamba, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia kwa bei yoyote. Walipigana mateke, wakakabana, wakatafutana vifundo vya miguu mpaka muda ukaisha, na hakuna aliyeshinda.